Hema Upande wa Matope

"Hapa pamejaa," alisema Mama Aukje.

Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Katika bonde lile lote, lililozungukwa na vilima vya mchanga, palikuwa na hema moja tu, la kwake mwenyewe, la turubai ya kijani iliyopauka kwa miaka ya jua na chumvi. Kando yake ulitanda uwanja wa majani mafupi ambao ungetosha mahema matano na watoto wakabaki na pa kuchezea mpira. Sungura alikuwa katikati ya uwanja anakula zake majani. Yeye hakuna aliyemwambia pamejaa.

"Pamejaa, Mama?" niliuliza.

"Hapa litakaa hema la Hylke na Fenna, kama kila mwaka. Hapo ni pa meza. Hapo ni pa kamba ya nguo." Alikuwa ananionyesha kwa mkono ulioshika kikombe cha kahawa, na hakumwaga hata tone. "Wewe utapata nafasi kule karibu na mapokezi. Ni pazuri tu. Wageni wanapapenda."

Neno hilo la wageni lilinichoma. Kwenye feri asubuhi ile Hylke alikuwa amenieleza desturi ya kambi, uso wake umejaa furaha. Hapagawiwi nafasi, aliniambia. Unafika, unavuta mkokoteni wako kati ya vilima, na ukipenda bonde ambalo tayari lina mtu unamwuliza, pana nafasi hapa? Naye anasogeza pazia lake la kukinga upepo, anateleka maji ya kahawa, na tayari mmekuwa majirani. Watu waliliita bonde lile Bonde la Aukje, kwa sababu alipiga hema pale tangu akiwa msichana, na sifa yake kisiwani ilikuwa kwamba hajawahi kumkatalia mtu.

Basi mimi nikawa wa kwanza.

Nilimgeukia Hylke. Alikuwa amesimama na mpini wa mkokoteni mkononi, mrefu, nywele zinapeperushwa na upepo, na yale macho yake ya kijivu ambayo huwa yananiondolea maneno yalikuwa yanatazama viatu. Juu ya mizigo alikaa Fenna, binti yake wa miaka minne, miwani yake nyekundu imeshuka puani, anatafuna mkate wa zabibu.

"Hylke, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi sema neno."

Akamgeukia yule mama. "Mama, tuliongea kwenye simu. Nilikuambia mwaka huu tunakuja watatu."

"Na mimi nikasema karibuni. Kuna mtu nimemfukuza kisiwani? Nimesema tu bonde limejaa."

"Halijajaa, Bibi," alisema Fenna, mkate mdomoni. "Kuna sungura mmoja tu."

Hakuna aliyecheka. Mama Aukje alimwinamia mtoto, akamfuta makombo kidevuni, na sauti yake ikalainika ghafla. "Wewe jioni nitakupeleka ukaone moshi. Unakumbuka moshi?"

"Nakumbuka."

Moshi ulikuwa neno la familia yao. Renske, binti pekee wa Mama Aukje, alipokuwa mdogo aliyaita hivyo makundi ya ndege wanaoruka upande wa kisiwa wenye matope, na tangu hapo ukoo mzima ukawa hauyaiti vingine. Kila walipolitaja walitabasamu. Renske alikuwa mke wa Hylke. Aliugua, akafariki kabla Fenna hajajua kutambaa.

Sitaki kumsema vibaya mama yule. Ni yeye aliyemlea Fenna, akamwogesha na kumbembeleza wakati Hylke hakuweza hata kufungua mapazia ya nyumba yake. Mimi nilikuja baadaye. Kazi yangu ni kupima macho katika duka la miwani mjini Leeuwarden, na Hylke alikuja kwangu akidai herufi za gazeti zimekuwa ndogo. Nikamwambia atazame taa. Akanitazama mimi. Nikamwambia tena atazame taa, akasema, "Naitazama," nami nikaandika namba zisizo zake, ikabidi arudi juma lililofuata. Alirudi na maua.

Kilichomweka Mama Aukje mbali nami hakikuwa maua. Kilikuwa miwani. Fenna alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa upande, akilifinya jicho moja, kila alipotazama kitu. Watu wote waliipenda, na bibi yake kuliko wote, kwa maana Renske alikuwa akitazama hivyo hivyo utotoni na picha yake ipo ukutani. Masika iliyopita nilimketisha yule mtoto kwenye kiti changu nikampima. Alikuwa haoni vizuri hata kidogo. Alipovaa miwani kichwa kikasimama wima. Mama Aukje alipomwona alimshika shavu, akaniambia polepole, Fenna asisikie, "Umeniondolea sura ya mwanangu."

Nikamvuta Hylke pembeni.

"Nisikilize vizuri," nilimwambia. "Sikuja huku kulala karibu na mapokezi. Nilikuja kwa sababu uliniambia hii ni likizo yetu, sisi watatu. Feri ya mwisho inarudi bara jioni. Mimi nakwenda kutafuta mahali pa hema letu. Nikipapata na ukaja, nimefurahi. Ukibaki hapa, napanda feri, na Leeuwarden usinitafute."

"Marrit, usiseme hivyo."

"Nimeshasema."

"Nipe muda nizungumze naye."

"Muda nimekupa tangu masika. Kila Jumapili unazungumza naye, na kila Jumapili unarudi na sahani ya keki."

Hilo lilimpata. Alifunga macho kidogo. Kisha akaushika mpini wa mkokoteni, akaugeuza. "Tukatafute wote," alisema.

"Nendeni," Mama Aukje alituita kutoka mlangoni mwa hema, bila hasira. "Mtarudi. Upepo utawarudisha."

Tukaenda. Kisiwani hakuna magari ya wageni, kuna baiskeli na miguu, kwa hiyo tuliuvuta mkokoteni ule juani na Fenna juu yake. Wenye watoto wadogo watanielewa nikisema kwamba kuchagua mahali pa kambi ni kesi isiyo na hakimu. Hylke alitaka mahali pasipo na upepo. Mimi nilitaka choo kiwe karibu, kwa kuwa mtoto wa miaka minne akisema "nataka" huwa ameshachelewa. Fenna alitaka mahali pa kuchimba shimo.

Karibu na mapokezi palikuwa na bembea, muziki, na vijana waliokuwa wakikaanga soseji bila mashati.

"Hapa panapiga kelele," alisema Fenna.

"Choo kiko hapo hapo," nilisema mimi.

"Na spika iko hapo hapo," alisema Hylke.

Tukaendelea. Nyuma ya msitu wa misonobari palikuwa na shamba la mbuzi, na mwenye shamba alitukaribisha kwa maziwa ya bure. Fenna aliwapenda mbuzi mpaka mmoja akala ukingo wa kitabu chake. Hylke alipiga magoti, akachoma kigingi ardhini kwa kidole gumba, kikazama chote bila kushika.

"Udongo laini," alisema. "Upepo ukija usiku tutaamka bila paa."

"Huko kwa mama mkwe wako vigingi vinashika, sivyo?"

Alibaki pale chini, magoti kwenye majani. "Unataka tugombane mbele ya mbuzi?"

"Nataka unitazame ukiwa unaongea na mimi."

Akainua uso. Nimetazama macho ya watu wengi kwa taa na kwa kioo, najua mshipa gani uko wapi. Lakini mwanamume yule akinitazama hivyo, sijui lolote. Nilitamani kumshika uso kwa mikono miwili. Nilijizuia, kwa maana nilikuwa bado na hasira na sikutaka iniishie mapema.

"Unadhani namwogopa," alisema.

"Humwogopi?"

"Namhurumia. Renske alipokufa, mimi nilibaki na Fenna. Wewe ulipokuja, nikabaki na Fenna na wewe. Yeye kila mwaka anabaki na pungufu ya alichokuwa nacho. Nikilitoa hema langu bondeni, nitakuwa nimemwambia imekwisha."

"Na usipolitoa, mimi umeniambia nini?"

Mbuzi wakaendelea kula.

"Kwamba wewe ni mgeni," alisema mwishowe. "Na si kweli. Marrit, mimi asubuhi nikiamka kabla yako huwa nalala tu nakutazama, nikishangaa umeingiaje kwenye nyumba ile. Nilikuwa nimefunga kila mlango."

Hapo hasira yangu ilianza kuniaga. Nilikuwa nataka kumjibu, na ningemjibu vizuri, lakini Fenna alisimama juu ya mizigo akabana miguu.

"Nataka," alisema.

Tulikimbia. Kijana wa shamba alituonyesha kwa mkono choo cha kambi cha upande wa mashariki, kile ambacho hakuna anayekitumia kwa sababu kila mtu hulala upande wa bahari kuu. Hylke alimbeba mtoto begani, mimi nikavuta mkokoteni nyuma yao, karatasi ya chooni kwapani kama ilivyo ada ya kambi zetu, na tukawahi, Mungu ni mwema, kwa hasara ndogo tu ya suruali moja iliyolowa. Choo kilikuwa safi. Nje yake palikuwa na uwanja wa majani uliokingwa na tuta refu la kuzuia bahari, na juu ya tuta kondoo walikuwa wamejilaza.

"Kuna nini nyuma ya mlima?" aliuliza Fenna, maana kwa watoto wa nchi yetu tuta ni mlima.

"Twende tukaone," nilisema.

Tukapanda. Niliyoyaona juu yalinifanya nisimame.

Bahari haikuwepo. Maji yalikuwa yamekupwa hadi mwisho wa macho, na badala yake palikuwa na uwanda wa matope yanayong'aa, mpana kuliko shamba lolote nililowahi kuona, na mbingu yote imelala juu yake. Mawingu yalikuwa juu na mawingu yalikuwa chini. Hapakuwa na mstari kati ya dunia na anga. Kwa mbali sana ulikuwapo ukanda mwembamba wa fedha, na hayo ndiyo yalikuwa maji. Mimi nimezaliwa bara, mwendo mfupi tu kutoka pwani, na nimevuka maji yale mara nyingi. Sikuwahi kusimama hivi nikayatazama yakiwa yameondoka. Nilihisi mdogo, na udogo ule haukuniumiza.

"Bahari imeenda wapi?" aliuliza Fenna kwa kunong'ona.

"Imeenda kutembea," alisema Hylke. Na yeye alikuwa ananong'ona.

"Itarudi?"

"Inarudi sasa hivi. Ule mstari mweupe unauona?"

"Nauona." Akakisogeza kichwa mbele, wima, miwani inametameta. "Baba, naona mpaka mwisho."

Tulivua viatu, tukashuka kwenye matope ya ukingoni, baridi na laini, yakatupanda kati ya vidole. Fenna alichimba shimo lake. Likajaa maji lenyewe, akachimba jingine, nalo likajaa, na kila mara alituita tushuhudie. Baadaye tukarudi juu ya tuta tukala mkate na jibini, na ule mstari wa fedha ukawa unakuja. Haukuja kwa mawimbi. Ulikuja kwa kutambaa, vijito vikijaza njia zao kimya kimya, na mbele ya maji, hatua kwa hatua, walikuja ndege. Kwanza nilidhani ni kokoto. Kisha kokoto zikatembea. Walikuwa elfu juu ya elfu, wadogo, wa kijivu, wanasukumwa na maji kuja kwetu.

"Kofia ya Fenna ilibaki," ilisema sauti nyuma yetu.

Mama Aukje alikuwa ameacha baiskeli yake chini ya tuta na kupanda kwa miguu, anahema, kofia ya kitambaa mkononi. Jua lilikuwa kali kweli, lakini kofia haikuwa sababu, na sote tulijua. Alitazama mizigo yetu iliyolala majanini karibu na choo. Alitaka kusema neno.

Hakuwahi. Kipanga alipita juu, na wale ndege wote wakainuka mara moja.

Sijui niseme vipi. Sauti ilikuja kwanza, mvumo uliopita kifuani mwangu, kisha anga ikatembea. Kundi lote lilijikunja, likanyooka, likageuka, na lilipogeuka lilikuwa jeusi, na lilipogeuka tena likawa jeupe, maelfu ya matumbo meupe kwa mara moja, kisha likatoweka kabisa na kutokea mahali pengine. Hylke alinishika mkono bila kunitazama. Machozi yalikuwa yananitoka na sikujua yameanza saa ngapi.

Fenna alikuwa amesimama mbele yetu, mikono imetanuliwa, mdomo wazi.

"Bibi," alisema. "Ni ndege."

"Ndiyo, mpenzi wangu. Ndio moshi wetu. Mwaka jana nilikuonyesha."

"Hapana. Mwaka jana ulinionyesha moshi." Hakugeuka, hakutaka kupoteza hata kidogo. "Sikujua moshi una mabawa. Kila mmoja ana mabawa yake, Bibi. Na yule, na yule, na yule."

Akaendelea kuwaonyesha kwa kidole, mmoja mmoja, kana kwamba angewamaliza.

Nilimtazama Mama Aukje. Aliketi polepole kwenye majani, palepale penye mavi ya kondoo, mwanamke ambaye hukung'uta kiti kabla ya kukikalia.

"Mama, vipi?" Hylke alipiga magoti kando yake.

Hakumjibu yeye. Aliniuliza mimi. "Alikuwa anaona moshi?"

"Ndiyo, Mama. Bila miwani, kwa umbali ule, angeona kitu cha kijivu kinachotembea. Moshi hasa."

"Renske aliuita moshi."

"Najua."

"Tulicheka." Alikuwa anaikunja kofia na kuikunjua. "Alikuwa mdogo kama huyu. Nilimleta hapa, nikamwambia tazama, akainamisha kichwa hivi, akasema, moshi, Mama. Tukacheka sana. Tukaona mtoto ana maneno mazuri. Kila mwaka nilimleta, na kila mwaka nikamwuliza, unauona moshi? Akasema ndiyo, Mama, nauona. Miwani alipata akiwa na miaka tisa, mwalimu ndiye aliyegundua, na wakati huo alikuwa hataki tena kutembea na mama yake. Alitaka wenzake. Sikumleta tena." Akaitazama ile kofia. "Hakuwahi kuwaona. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, na hakuwahi kuwaona."

Kazini nimejifunza kukaa kimya mtu anapolia. Pale nilishindwa.

"Watoto hawajui kwamba hawaoni, Mama," nilisema. "Wanadhani dunia ndivyo ilivyo. Ila mkono alikuwa anauona. Mkono uko karibu."

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Na kile kichwa cha upande kilikuwa kizuri kweli. Hata mimi nakikosa."

Alinitazama usoni. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kunitazama hivyo, macho kwa macho, bila kikombe katikati. Macho yake yalikuwa ya Fenna, na nilikuwa sijawahi kuliona hilo.

"Sitaki nafasi ya Renske," nilimwambia. "Hata nikipewa sitaiweza. Nataka pa kuchomeka kigingi changu mwenyewe, karibu na hawa wawili. Hicho tu."

Aliinuka kwa kujishika magoti, akamwendea Fenna, akamvalisha kofia, akaisogeza miwani yake ikakaa sawa puani. Alifanya hivyo kwa uangalifu mkubwa, kwa vidole viwili. Kisha akashuka tuta, akapanda baiskeli yake, akaenda.

"Amekasirika?" aliuliza Fenna.

"Sijui, mama," nilisema. Na kweli sikujua.

Hylke alikuwa amesimama anamtazama mama mkwe wake akipotea kati ya vilima. Kila kitu changu kilisimama pamoja naye. Nikajiambia, Marrit, jiandae, mwanamume huyu atafuata baiskeli ile. Ni mwema, na wema wake ndio utakaokupandisha feri.

Alishuka tuta. Alikwenda hadi kwenye mkokoteni, akafungua kamba, akachakura ndani ya mfuko wa hema. Akarudi juu kwangu na nyundo ya mbao. Ilikuwa na herufi zilizochongwa kwenye mpini, majina ya watu wa ukoo wa Mama Aukje. Kwao kigingi cha kwanza hupigwa na mwenye hema, na sikuwahi kumwona mwingine yeyote akiigusa nyundo ile ila yeye.

"Udongo wa hapa unashika," alisema. "Nimeujaribu ulipokuwa chooni na Fenna."

"Na upepo?"

"Tuta linaukata."

"Na mama yako mkwe?"

"Nitakwenda kwake kesho asubuhi, mimi na Fenna, tunywe naye kahawa. Halafu tutarudi hapa, nyumbani." Akanishika uso kwa mikono miwili, yeye, mimi niliyejizuia mchana kutwa. Mikono ilikuwa na matope. "Samahani nimechelewa."

Nikambusu mbele ya kondoo wote.

Nilipiga kwa nyundo ile mwenyewe. Kigingi kiliingia vizuri, kikashika. Fenna alihesabu vigingi kwa mpangilio anaoujua yeye, moja, mbili, saba, na hema letu la rangi ya chungwa likainuka, limepinda kidogo upande wangu. Jua la Juni lilikuwa bado juu, halina haraka ya kwenda popote, na maji yalikuwa yamefika chini ya tuta yakatulia. Tulikuwa tunakaza kamba ya mwisho feri ilipopiga honi bandarini.

"Ndiyo ile?" aliuliza Hylke.

"Ndiyo ile."

"Basi imeondoka."

"Imeondoka."

Tulikuwa tunakula mikate yenye punje za chokoleti, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupika, Fenna alipoinua kidole. Kwa njia ya vilima alikuwa anakuja mtu, anavuta mkokoteni uliojaa hadi juu. Nguzo za hema zilikuwa zimetokeza nyuma. Turubai ya kijani ilikuwa imekunjwa na kufungwa kwa kamba ya nguo, na juu kabisa, miguu hewani, ilikaa ile meza.

Hylke alitaka kukimbia kumsaidia. Nikamshika mkono, kwa maana nilimwona Mama Aukje anavyotembea, na nilijua anataka kufika mwenyewe.

Alifika. Alisimama mbele ya kigingi changu cha kwanza, hakukivuka. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimemgandia usoni kwa jasho, na hakumtazama Hylke wala Fenna. Alinitazama mimi.

"Pana nafasi hapa?" aliuliza.

Mwanamke ambaye bonde zima liliitwa kwa jina lake alisubiri jibu langu, na nikaona anaogopa. Ningeweza kumlipa. Neno lilikuwepo mdomoni, fupi, lake mwenyewe.

Nilitazama kushoto, nikatazama kulia.

"Hapo ni pa meza," nilimwambia. "Hapo ni pa kamba ya nguo. Wewe kaa hapa katikati, Mama, mlango wako uelekee wa Fenna. Choo kiko karibu."

Aliinamisha kichwa upande kidogo, kama mtu anayejitahidi kuona kitu vizuri. Kisha akanyoosha mkono. Nilidhani anataka nyundo ya ukoo wake, nikampa. Aliichukua, akaiweka chini majanini, akanyoosha mkono tena, na safari hii nikampa wangu.